Majivu ya Bonde la Kushoto

Jumatatu, 9 Septemba
Moto wa msituni umelala. Kaulaza nani? Mimi! (Na wenzangu kidogo.) Sasa ni kuua masalia ya makaa. Mkuu wa kikosi kanipa bonde la kushoto, la kulia kampa shemeji, mume wa mdogo wangu. Atakayetangulia kumaliza atakuwa kiongozi wa zamu. Cheo kina filimbi na kiti cha mbele garini!

Shemeji tunamwita Bwana Taratibu. Anavua glavu, anagusa majivu kwa mgongo wa mkono, kisiki baada ya kisiki, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akikuta joto anachimba mizizi, anamwaga maji, anakoroga, anagusa tena. Nikamuuliza kama anapika uji. Akacheka, akasema moto wa mizizini hautoi moshi, tena shemeji, ukiunguza kiganja utashikia nini sepetu?

Maneno ya darasani. Mimi shule niliiacha mapema, walimu waliishiwa cha kunifundisha. Nina pua. Pua hii iliwahi kunusa moto ambao bado haujawashwa!

Jumanne, 10 Septemba
Ushindi! Nimepita bonde zima nikinusa. Adhuhuri nikaripoti: baridi kama kaburi. Mkuu akauliza kama nimegusa. Nikasema kila kisiki. (Kunusa ni kugusa kwa mbali.)

Shemeji bado kapiga magoti kwake. Jioni akanipongeza, hana kinyongo yule. Eti kesho apitie bonde langu kidogo, maana upepo unageuka. Wivu! Nikamwambia apite tu, atajifunza.

Jumatano, 11 Septemba
Upepo.

Moto ulitokea chini, mizizini. Bonde la kushoto. Shemeji alikuwa amepiga magoti, glavu kavua. Mti uliokuwa juu yake ulishaliwa shina kwa ndani. Mti wa hivyo ukianguka hautoi hata mlio. Nilipiga kelele. Nadhani nilipiga.

Tulimbeba watu wanne. Mimi nilikuwa upande wa mkono wake wa kulia. Mgongo wa mkono umejaa majivu. Kiganja kisafi.

Ijumaa, 13 Septemba
Tumezika. Mdogo wangu halii. Anakunja shati la kazi la mumewe, analikunjua, analikunja.

Binti yao akanijia, akasema Mjomba, baba alituambia ulimaliza wa kwanza, alikusifu sana. Akauliza kama niligusa visiki vyote. Vyote, mwanangu, nikamwambia, tena kwa mikono miwili. Akauliza basi moto ulitoka wapi. Nikasema moto ni mwizi, haubishi hodi.

Akachukua mkono wangu, akaugeuza, akautazama mgongoni. Akaurudisha pajani pangu polepole, kama kitu cha kuazima.

Jumatatu, 16 Septemba
Mkuu kasema ni upepo. Nikakubaliana naye. Filimbi nimepewa mimi, kwani kabaki nani?

Leo nimewafundisha waajiriwa wapya. Nimewasimulia jinsi nilivyounyanyua ule mti peke yangu, shemeji akanishukuru kwa macho. Mmoja akauliza habari ya kugusa majivu kwa mgongo wa mkono. Nikamwambia hayo ni ya waoga, anuse.

Maana pua yangu imezidi ukali! Inasikia moshi kwenye chai. Kwenye mto wa kulalia. Kwenye shuka zilizofuliwa jana, zikaanikwa juani. Wengine wote wanasema hawasikii kitu.

Nawasikitikia. Hawana kipaji.