Dikoni, Mfanyabiashara Asiye na Huruma

Jumatatu, 8 Mei

Mereani amepika chini ya turubai tena. Mvua ikaingia kwenye sufuria ya magimbi. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi, hakusema neno. Miaka ishirini na sita ya ndoa, namjua mke wangu: akinyamaza hivyo, afadhali angenirushia mwiko. Tangu kimbunga kiondoke na paa la jiko ni mwezi wa nne huu. Na Jumapili ni Siku ya Akina Mama, kina mama wote wa kanisa watakula kwetu. Nimemwahidi paa kabla ya siku hiyo. Nimeahidi mbele ya mchungaji! Ee Bwana, mdomo huu.

Lakini nina mpango.

Vijana wangu walipokwenda Australia kuchuma matunda, waliniachia kompyuta na mchezo wao, Falme za Barafu. Basi mimi, mtu wa miaka hamsini na mbili ambaye hajaona theluji ila ndani ya friji ya dukani, sasa ni mchuuzi wa vitu vya mchezoni. Mapanga, majoho, na fahari yangu: Dubu Mweupe wa kupanda. Dubu wa namna hiyo wako kumi na mmoja tu mchezo mzima. Kuna mtu wa Kanada atamlipia Ijumaa, pesa halisi, za kutosha mabati yote na misumari ikabaki.

Shida ni kumfikisha Dubu hadi Ijumaa. Ndugu akiomba kitu, kwetu hapa visiwani hakataliwi. Jana mpwa wa Mereani aliyeko Auckland kaomba joho, nikampa. Wiki iliyopita, upanga. Sijauza kitu tangu Pasaka! Kwa hiyo natengeneza programu ya kukaa sokoni mtandaoni badala yangu. Itapanga bidhaa, itajibu wateja, itakataa ndugu. Mashine haina shangazi. Nimeiita Dikoni, kama shemasi wa kanisani.

Jumanne, 9 Mei

Nimemaliza masomo yangu. Video nne, mbili nikisinzia. Sheria za soko zinaruhusu programu. Nimezisoma hadi mwisho, nikaelewa nusu. Nikamwonyesha Dikoni pa kubofya, nikaenda kazini kwangu kwenye yadi ya mbao.

Kurudi, badala ya kuuza, Dikoni amenunua. Ndoo sitini na tatu za theluji. Kumbe kitufe cha kushoto ni cha kununua. Nani hupanga mambo hivi?

Aliyeziona wa kwanza ni Isimeli wa ng'ambo ya barabara, naye mchuuzi wa mchezo huohuo. Huuza mara tatu ya bei yangu, hapunguzi hata senti, wateja humwita Jiwe. Kwangu ni tavale, binamu wa utani tangu utotoni, hivyo hata kumkasirikia siruhusiwi. Alisimama mlangoni akauliza, kwa sauti ya kufika nyumba tatu, kama siku hizi nafungua kiwanda cha barafu, na je, dada yake, yaani mke wangu Mereani, ataezekewa jiko kwa theluji? Nikamwambia uso wake peke yake ungetosha kufukuza mvua. Si jibu baya. Ila yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Alhamisi, 11 Mei

Vitufe sasa viko sawa. Nimempangia Dikoni asimame saa kumi na mbili jioni wakati wa sala, na Jumapili asiguse kitu. Sitaki mashine iende motoni kwa ajili yangu.

Ila majibu yake yalikuwa makavu. Ndiyo. Hapana. Bei hii. Aibu, kama hakulelewa! Ndipo nikapata wazo kubwa. Nikamlisha barua zangu zote za sokoni, nilizowaandikia wateja na ndugu, mia nne na kumi na mbili, ajifunze kuzungumza kama mimi. Akajifunza kwa dakika sita. Kumjaribu, akanisalimu, akaulizia afya ya mama yangu, akanibariki. Machozi kidogo yakanitoka.

Mereani, akikamua tui, aliuliza kama kitu hicho kinajua kukataa. Nikamwambia mke wangu, kinajua yote niyajuayo mimi.

Ijumaa, 12 Mei

Sili. Siongei.

Mkanada aliandika saa nne asubuhi, pesa mkononi. Dikoni akamjibu kwa heshima zote: pole sana, Dubu amekwenda.

Amekwenda wapi? Nikafungua mazungumzo. Saa tatu Isimeli alikuwa ameandika, kwa utani tu: "We tavale, nipe huyo Dubu wako basi!" Na Dikoni: "Chukua tu ndugu yangu, changu ni chako. Mama hajambo?" Akampa! Saa tano Isimeli kamuuzia Mkanada.

Habari zikaenea. Kufikia mchana ukoo mzima ulikuwa umepita. Majoho, mapanga, hadi ndoo za theluji. Shangazi aliyeko mjini Labasa, ambaye hata hachezi, kapata ngao.

Nimetafuta kosa ndani ya programu kwa saa mbili nzima. Hakuna kosa. Katika barua zangu mia nne na kumi na mbili, neno "hapana" liko mara moja tu: nilipoulizwa kama nimechoka kutoa.

Kwenda kudai kitu ulichokwisha kutoa? Afadhali nivuliwe nguo sokoni Nausori.

Jumamosi, 13 Mei

Nimemwambia Mereani kila kitu. Nilitarajia mwiko. Badala yake kavaa gauni la kanisani, kakunja mkeka wake mpya, kavuka barabara. Nikamfuata kwa mbali, kama mshitakiwa.

Kwa Isimeli akaketi chini, akaweka mkeka mbele yake, akamwita kaka. Kwetu mke wa tavale ni dada. Kisha, macho chini, akasema anaomba yale mabati mapya aliyoyaona nyuma ya nyumba. Isimeli alikohoa. Akasema yale ni ya banda la nguruwe. Mereani hakusema kitu. Akanyamaza tu, ule unyamavu wake. Isimeli akakohoa tena, akasema haya dada, chukua, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Saa kumi paa lilikuwa juu. Alipigilia Isimeli mwenyewe, akinitukana kwa kila msumari: shika ngazi wewe tajiri, nguruwe wangu watalala kwako! Nikashika ngazi.

Jumapili, 14 Mei

Kina mama thelathini na mmoja, mvua kubwa, wala tone sufuriani. Mchungaji aliibariki nyumba hii na mtu mwenye kutimiza ahadi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilihisi Mereani ananitazama. Sikufungua macho.

Baada ya kula nikatafakari sana, na namshukuru Mungu, nimeliona kosa. Programu ni nzima kabisa. Ubaya ni barua: nilimlisha Dikoni barua za mtu laini. Anahitaji barua za mtu mgumu, asiyejua kutoa.

Isimeli alikuwa amekaa peke yake chini ya mabati, akiyatazama. Nikamsogelea, nikamwomba barua zake zote za biashara. Akahema. Kisha akaenda kwake akaniletea zote, pamoja na kompyuta yenyewe zilimo.

Jiwe kweli yule! Kesho naanza.