Joistiki ya Mkono Usio Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimetunguliwa tena. Mara ngapi leo, sisemi. Shajara ni yangu, lakini aibu pia ni yangu.

Aliyenitungua ni yule yule: mdogo wake mke wangu, fundi miwani. Mchana anawapima watu macho kwa upole, jioni anageuka mwewe. Tunacheza gemu moja la ndege za vita kwa mtandao, yeye kwake, mimi kwangu. Mimi narusha kwa kibodi. Kupanda, kitufe. Kushuka, kitufe. Kukata kona, vitufe viwili na dua. Yeye ana joistiki. Anaiinamisha kidogo tu, ndege yake inageuka kama samaki, na mimi tayari nawaka moto.

Baadaye akapiga simu. Sauti tamu kama ya mtu anayekuja kuazima. Akasema: "Shemeji, ule mlima ulikuwepo tangu asubuhi."

Maana mara ya mwisho, kusema kweli, hakunipiga yeye. Niligonga mlima mwenyewe. Lakini alikuwa nyuma yangu! Nilibabaika!

Hasira zikanipanda. Nikamwambia tukutane Jumapili kwa wazazi wake, kompyuta mbili, meza moja, watu wakishuhudia. Atakayeshindwa atamwita mwenzake Kapteni mwaka mzima: mbele ya wakwe, mbele ya wageni, hata msibani. Akakubali kabla sijamaliza sentensi. Hilo peke yake lingetosha kunizindua.

Basi, nahitaji joistiki. Ya mtu anayeanza, ya bei ya kawaida, maana mke wangu ameshasema kila chenye waya kinachoingia humu ndani kije na maelezo yake.

Jumanne, 4 Machi

Saa ya chakula nimekwenda duka la kompyuta. Muuzaji ni mama mmoja aliyevaa miwani juu ya kichwa. Akauliza kama nimewahi kurusha. Nikajibu mimi ni mkongwe. Akauliza narusha kwa kitu gani. Nikasema kibodi. Akanipa pole kama niliyefiwa.

Akatoa moja nyeusi, haina pambo hata moja. Akanieleza taratibu. Kitako chake kizito, haitahama mezani. Kishikio kinajipinda kushoto na kulia, kwa hiyo mkia wa ndege unaugeuza kwa kiganja, huna haja ya pedali za miguuni. Pembeni kuna kidude cha kuongeza na kupunguza mwendo. Vitufe vichache, na vidole vinavifikia vyote. Akasema kwa anayeanza hiyo inatosha na kubaki. Na bei, lazima nikiri, ilikuwa ya kibinadamu.

Hapo ndipo nikashtuka. Tangu lini mwenye duka akakusifia cha bei nafuu? Kwenye rafu nyuma yake niliona nyingine, kubwa, ina taa nyekundu, vitufe vimeienea kama surua. Nikaiulizia. Akasema, "Kaka, hiyo itakuchosha tu."

Aha! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu ananisukumia kilichomdodea. Nikamshukuru kwa adabu, nikaondoka mikono mitupu na akili nyingi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Mtu anauza mtandaoni, imetumika kidogo tu. Picha ni moja, imepigwa gizani, lakini vitufe ni vingi hadi vingine vimekaa juu ya vingine. Ameandika "ya marubani kabisa". Nikamwuliza kwa nini anaiuza. Akajibu haimkai mkononi. Nikacheka peke yangu. Kuna watu hawajui walichonacho! Nikalipa pale pale.

Kikabaki kikwazo kimoja: mke wangu. Nikabuni. Mezani nikakishika kiganja cha kulia, nikakunja uso, nikasema kuna kifaa cha mazoezi ya kiganja kinakuja. Nimeshauriwa na wataalamu. Kina umbo la fimbo.

Nilisahau jambo dogo. Mke wangu ni muuguzi. Wodi ya mifupa.

Akaweka kijiko chini. Akaushika mkono wangu, akabonyeza hapa, akauliza kama panauma. Panauma. Akabonyeza pale. Panauma. Akabonyeza kiwiko. Nikasema panauma, kwa usalama. Akatikisa kichwa kwa huzuni iliyozidi kipimo, akaingia chumbani, akarudi na kibao na bandeji, akanifunga kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Akasema mkono huu usiguse kitu mpaka yeye atakapotoa amri. Nikauliza ni lini hiyo. Akasema inategemea mgonjwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni.

Alhamisi, 6 Machi

Mzigo umefika kazini. Mimi ni karani katika bohari ya katoni, kwa hiyo boksi halinishindi, ila kwa mkono mmoja ilibidi nitumie meno. Bosi akapita nikiwa nimeuma utepe wa gundi. Akauliza kama mshahara haunishibishi. Nikatabasamu. Utepe ukabaki mdomoni.

Nikaitoa. Nzuri! Nzito! Vitufe! Nikaiweka mezani, nikaitazama. Kitu hakikai sawa. Mahali pa kidole gumba pako upande usiokuwa wake. Nikaigeuza. Nikageuka na mimi. Nikazunguka meza, nikainama juu ya printa, nikaishika kwa nyuma. Printa ikatoa karatasi tupu mfululizo. Ndipo ukweli ukaniingia.

Imetengenezwa kwa mkono wa kushoto.

Haimkai mkononi! Yule bwana alisema ukweli mtupu, na mimi nikamcheka!

Jioni nikajifariji. Mkono wa kulia si umefungwa? Huenda ni riziki imejileta. Mke wangu alikuwa zamu. Nikajaribu kwa kushoto. Ndege ikaacha njia kabla ya kupaa, ikakata nyasi, ikalivaa ghala la mafuta. La upande wetu. Nikajaribu tena, kwa utulivu zaidi. Ghala lile lile, safari hii kupitia mlangoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na wazo. Zuri hadi nikaogopa kulisema kwa sauti.

Ikiwa joistiki hii inaweza kuniangamiza mimi, kwa nini isimwangamize Shemeji? Nitampa kama zawadi, naye atanipa yake. Jumapili atajikuta ameshika kitu kilichogeuka kinyume. Kisasi ndani ya mfuko wa zawadi!

Nikampitia kazini kwake. Alikuwa na mteja, bibi mmoja anayesoma herufi ukutani kwa kukisia. Nikasubiri, kisha nikatoa hotuba yangu. Kwamba ushindani si ugomvi. Kwamba chombo cha marubani kinamfaa rubani. Kwamba mimi nitajikokota hivyo hivyo na kile chake cha zamani.

Akafungua mfuko. Akaitoa. Akaishika kwa mkono wa kushoto, vidole vikajipanga vyenyewe kila kimoja mahali pake, na machozi yakamlengalenga.

Ni mtu wa mashoto! Miaka yote hii nakula naye meza moja! Hata pale aliposimama alikuwa ndio kwanza amemwandikia yule bibi vipimo vyake, kwa kushoto, mbele ya macho yangu. Maana yake ni kwamba siku zote amekuwa akinitungua kwa mkono wake dhaifu.

Akanikumbatia. Akasema, "Shemeji, tangu nizaliwe hakuna aliyenipa kitu cha mkono wangu. Hata mkasi."

Kwa muda mfupi nikajisikia mtu mwema. Kisha nikakumbuka Jumapili.

Akanipa ya kwake, na boksi lake. Nyeusi. Haina pambo. Kitako kizito, kishikio kinachojipinda, kidude cha mwendo pembeni. Nikauliza aliitoa wapi. Akasema kwa mama mmoja ambaye miwani huivaa kichwani. Hicho ndicho kilichokuwa kikinichinja kila jioni. Cha bei nafuu!

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia, nikampa na mwenzangu ngazi aondoke nayo.

Jumamosi, 8 Machi

Nilisubiri mke wangu aende zamu, nikaitoa bandeji, nikaunganisha.

Ee bwana! Ndege inakwenda ninakotaka! Nainamisha, inainama. Napinda kiganja, mkia unafuata. Nimepaa bila kulidhuru ghala. Nimetua! Sijawahi kutua tangu nianze mchezo huu. Nilisimama nikajipigia makofi, kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo nikamwona mke wangu mlangoni. Zamu ilikuwa imebadilishwa.

Akasema mgonjwa amepona haraka. Nikaanza kueleza habari za mzunguko wa damu. Akaniinulia kiganja ninyamaze. Kumbe alijua tangu aliponibonyeza kiwiko. Akasema hakukasirishwa na joistiki, amekasirishwa na kufanywa mjinga kwa kazi yake mwenyewe. "Ungeniambia unataka kuchezea ndege, ningekwambia chezea. Mimi ni mkeo, si afisa wa forodha."

Nikaomba radhi. Kwa dhati, na nilitazama chini muda wa kutosha. Akavuta kiti, akauliza kila kitufe kina kazi gani. Nikamjibu kwa vile ninavyovijua. Akaokota karatasi ya maelekezo kutoka kwenye boksi nililopewa na Shemeji, akaisoma mwanzo hadi mwisho. Mimi sisomi hizo. Zinaua kipaji.

Ningeishia hapo. Lakini kichwa hiki hakipumziki. Niliwaza: anayeruka kwa parachuti kabla ya kupigwa, je, ametunguliwa? Hajatunguliwa! Ameondoka tu! Kwa hiyo nikiruka kila anaponikaribia, Shemeji hawezi kunishinda hata akeshe. Kuruka kunahitaji wepesi, kwa hiyo kitufe chake nimekihamishia kwenye kidole cha shahada, palipokuwa na risasi. Risasi nimezipeleka kwa kidole gumba.

Mke wangu akasema niviache vilivyo. Nikamwambia huu ni utaalamu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwa tabu. Si mkono. Ni moyo.

Mama mkwe aliondoa chupa za maua mezani kana kwamba ndege zitapita sebuleni. Baba mkwe akakaa katikati, kama mwamuzi. Shemeji akaishika zawadi yangu kwa mkono wake wa kushoto, akapaa kama aliyezaliwa angani. Mimi nikazama kwenye kochi, nikapaa pia.

Na hapa, ewe shajara, nisikilize vizuri. Nilimkamata! Alikata kona mapema mno, nikapinda kiganja kama yule mama alivyonieleza, nikajikuta nyuma yake. Nyuma yake! Mgongo wa ndege yake umejaa kwenye kioo changu. Shemeji jasho. Mke wangu akanong'ona, "Sasa!"

Nikafyatua.

Kwa kidole cha shahada. Kidole kina mazoea yake.

Kiti kikalipuka kwenda juu. Mwavuli ukafunguka. Nikabaki naning'inia angani huku ndege yangu ikiendelea na safari, imenyooka vizuri kuliko nilivyowahi kuinyoosha mimi. Mama mkwe akapiga makofi, akidhani nimefika. Baba mkwe akauliza kama ndege sasa inakwenda bila mimi. Nikasema ndiyo, baba, lakini kisheria sijatunguliwa.

Akafikiri. Kisha akasema, "Mwanangu, aliyeiacha ndege hewani ameshindwa."

Nikasema Kapteni. Shemeji akaomba nirudie, akidai yeye ni mtaalamu wa macho, masikio yake hayana nguvu. Nikarudia. Akataka niseme na mama mkwe asikie. Nikarudia!

Ndipo mke wangu akafuta mikono, akavuta kiti cha mezani, akaniambia nisogee. Akarudisha vitufe vyote kama vilivyokuwa mwanzo. Akaomba karatasi ya maelekezo, akaitazama mara moja, akaikunja. Akapaa polepole, bila kelele. Shemeji akamwendea kwa majivuno, akicheka. Dada mtu akapunguza mwendo, akamwacha apite, akapinda kiganja kidogo tu. Risasi chache. Shemeji akashuka na moshi.

Sebule nzima ikalipuka. Baba mkwe alisimama, mtu asiyeinuka kitini hata kwa mkuu wa wilaya.

Kwa hiyo mimi namwita Shemeji Kapteni, naye anamwita dada yake Kapteni, na njiani kurudi nyumbani nilijikuta namwita mke wangu Kapteni bila kuombwa. Akasema inatosha nikimwita mke wangu. Lakini alitabasamu hadi tukafika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari kwa kina, kama mtu mzima.

Mke wangu anasema sababu ni nyepesi: alisoma karatasi, hakubadilisha kitu. Haiwezekani. Ushindi wa namna ile hautoki kwenye karatasi. Nimerudia tukio zima kichwani na nimeiona siri. Yeye alikalia kiti cha mezani, mgongo wima. Mimi nilikuwa kwenye kochi, nimezama, magoti masikioni. Kiti! Watu wanasumbuka na joistiki wakati tatizo limekaliwa!

Saa ya chakula nilikwenda kwa jamaa anayeuza vipuri vya magari mabovu. Ana kiti cha dereva wa lori. Kinapanda, kinashuka, kinarudi nyuma, na mkanda wake bado unafunga. Nimeshakilipia.

Mlango umekigomea, nimeupima. Dirisha la sebuleni litakipitisha, likishatolewa nondo. Fundi wa kuchomelea anakuja kesho mchana, mke wangu akiwa kazini.