Nilivyokula Sukari ya Wakwe Kabla Hawajaipokea

Sifa na shukrani ni kwa Mungu aliyeniamsha leo asubuhi, akanifikisha Kegonga salama na kunirudisha hapa Rodi Kopany nikiwa na akili zangu zote, ingawa hapo katikati alizishika Yeye kwa muda.

Ndugu zangu wa kikundi hiki, leo nimeaibika. Tena ugenini. Tena kwa wakwe! Nimeona niwasimulie mwenyewe kabla Jumapili haijafika, kwa sababu Mama Ouma alikuwepo, na mnajua Mama Ouma akisimulia jambo hutia chumvi ya kutosha mtaa mzima.

Wengi mnajua kwamba nina kisukari. Najidunga insulini asubuhi na jioni kabla ya kula, na nina mashine ndogo ya kupimia damu ambayo haiachani na mimi. Mafundisho ya kliniki nayajua kama katekisimu: pima, dunga, ngoja kidogo, kula. Ukidunga kisha usile, sukari inashuka mwilini, na ikishuka sana utaanguka, pengine usiinuke. Haya nimewafundisha wenzangu. Nimeyafundisha hata kanisani, nikiwa nimesimama mbele ya watu. (Naomba mlisahau hilo mnapoendelea kusoma.)

Safari yenyewe ilikuwa ya posa. Ouma ni mtoto wa marehemu ndugu yangu, kwa hiyo kwa mambo kama haya baba yake ni mimi. Amempenda msichana wa Kikuria anayeitwa Boke, na leo ndiyo siku tuliyopewa ya kwenda kwao kuzungumza. Mimi nilikuwa msemaji wa upande wetu.

Alfajiri Mama Ouma, mjane wa ndugu yangu, alikuja kunikagua kama askari wa gwaride.

"Mwalimu, hilo koti la kanisani limechoka. Vaa hili la Ouma."

Nikavaa.

"Na ile mashine yako ya damu, tafadhali, usiitoe huko."

"Kwa nini?"

"Watu wa posa huuliza mpaka babu alikufa na nini. Wakisikia sukari iko kwa ukoo wetu, watahurumia wajukuu ambao hata hawajazaliwa. Mtoto wangu atakosa bibi kwa sababu ya kidole chako!"

Nikaona ana hoja. Nikanyamaza. (Kuna wakati wa kunyamaza na wakati wa kunena. Leo nilichanganya nyakati.)

Tuliondoka bila kunywa chai, kwa hiyo sikujidunga. Hapo nilikuwa na hekima bado. Nilibeba dawa yangu katika chupa ya chai yenye maji baridi, nikajiambia nitajidunga nikiona chakula. Gari la kukodi likatupitisha Rongo, likatupitisha Migori mjini, tukaingia Kuria kwenye mashamba ya mahindi na tumbaku, huku Ouma akiuliza kila baada ya kilima kama tai yake imekaa sawa.

Tulipofika Kegonga kwa Mzee Mwita, baba yake Boke, nilisikia kuku akipiga kelele nyuma ya jiko. Kelele kubwa. Halafu kimya. Nikaona moshi unapanda. Harufu ya kitunguu ikanijia mpaka pale garini.

Nikajiambia, "Huyo kuku maisha yake yamekwisha. Chakula ni sasa hivi."

Wenzangu wakashuka. Mimi nikabaki nyuma nikisingizia kutafuta miwani. Nikajidunga upesi, nikafunika tumbo, nikashuka nikitembea kama bwana mkubwa.

Ndani tulikaribishwa vizuri sana. Makochi yenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Tukaomba, tukasalimiana, kikapu chetu cha zawadi kikawekwa katikati ya chumba: sukari, majani ya chai, mikate, mafuta ya kupikia, sabuni, na leso ya mama. Kisha akasimama msemaji wao, Mzee Marwa, ndugu mdogo wa Mwita. Mtu mrefu, mwenye macho yasiyokosa kitu.

"Wageni wetu," akasema, "tumefurahi. Lakini hapa kwetu hatutii kitu mdomoni kabla maneno hayajaisha. Hata chai. Tukila kwanza, tutasahau kugombana!"

Watu wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko changu kikafika katikati kikasimama.

Mazungumzo yakaanza. Wakajitambulisha wao, mababu na mababu wa mababu. Tukajitambulisha sisi. Nikaanza kuhisi vidole vinatetemeka. Nikavikalia. Jasho likatoka kwenye paji la uso, likashuka shingoni, koti la Ouma likashika mgongo. Nikapeleka mkono mfukoni kutafuta pipi zangu, zile ninazobeba siku zote kwa dharura kama hii. Nikatoa ufunguo wa pikipiki ya Ouma. Pipi zilikuwa Rodi Kopany, katika koti lililochoka!

Sasa, kwa wale ambao hawajawahi kushukiwa na sukari, nawaeleza: akili huondoka polepole, na haiagi. Mzee Marwa akataja ng'ombe wanaowataka. Msemaji yeyote mwenye akili hapo huguna, hushika kichwa, huuliza kama msichana ni mmoja au wawili. Mimi nikasema, "Sawa."

Marwa akanitazama. Akaongeza ng'ombe.

"Sawa," nikasema.

Mama Ouma akanikanyaga mguu. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Mama Ouma, unanikanyaga."

Halafu, ndugu zangu, sijui nini kiliniingia. Nilisimama, nikanyoosha mikono yote miwili, nikasema, "Tusimame tupokee baraka ya mwisho."

Wakasimama! Watu wazima, mkutano haujafika hata nusu, wakasimama na kuinamisha vichwa. Nami nikasahau maneno. Baraka ninayoisema kila Jumapili ikanitoroka. Tukabaki vile tumesimama. Mwishowe nikakaa, nao wakakaa mmoja mmoja, wakitazamana.

Mzee Marwa akamgeukia kaka yake. Wana lugha yao ambayo siijui, wangeweza kuitumia. Lakini alisema kwa Kiswahili, ili tusikie.

"Mwita, hawa watu wametuletea mlevi."

"Mlevi!" Mama Ouma akaruka. "Huyu? Ni mzee wa kanisa! Hajawahi hata kuonja!"

"Hao ndio hunywa wakijificha," akasema Marwa.

Nilitaka kujitetea, lakini ulimi ulikuwa mzito, na maneno yalitoka yakiwa yamelala ubavu. Ikawa ushahidi wa pili dhidi yangu. Mimi, ambaye nimekataa hata togwa isiyolevya kwenye arusi!

Mzee Mwita hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema polepole, "Binti yangu wa kwanza nilimwozesha kwa nyumba ya pombe. Alirudi hapa mkono umevunjika. Sitarudia. Boke aitwe. Atuambie mwenyewe kama bado anawataka hawa watu."

Nikamwona Ouma amekuwa kama mtu aliyemwagiwa maji. Kijana mzima, machozi yako karibu. Nami ndiye niliyekuwa nikimharibia, mbele ya macho yangu mwenyewe, na macho yenyewe yalikuwa yameanza kuona makochi mawili mahali pa moja.

Nikatazama kile kikapu. Pakiti ya sukari ilikuwa juu kabisa. Nikajua sasa ni moja kati ya mawili: sukari au sakafu. Nikamwita Bwana moyoni, nikaona ni heri aibu kuliko jeneza.

Niliteremka kwenye kochi. Magoti yalikataa kusimama, basi nikayatumia yalivyo, nikatambaa mpaka katikati ya chumba. Nikachukua pakiti. Nikaipasua kwa meno. (Yale machache. Mungu alikuwa ameyahifadhi kwa kazi hii.) Nikachota kwa kiganja cha kulia, nikatia kinywani. Nikachota tena.

Hapo ndipo Boke akaingia, amevaa vizuri, ametazama chini kwa heshima.

Mzee Marwa sijui alikuwa hajaniona au desturi ilimsukuma. Akauliza yale maswali ambayo msichana huulizwa mbele ya wageni katika nyumba ile.

"Boke, hawa watu unawajua?"

"Nawajua."

"Haya waliyotuletea, tukubali tuyale?"

Boke akainua macho. Akaniona. Chumba kizima kikageuka kufuata macho yake. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya zulia lao, mashavu yamejaa, ndevu nyeupe kuliko Mungu alivyoziumba, pakiti ya mama mkwe nimeikumbatia kifuani.

Boke akasema, kwa sauti ndogo ya adabu, "Baba mdogo, mbona unaniuliza mimi? Mgeni ameshaanza."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Ndugu, pale sikuwa na cha kuficha tena. Kinywa kilikuwa kimejaa, siwezi kunena, kwa hiyo nikaitoa mashine. Mama Ouma akafunika uso. Nikafuta kidole cha mkono wa kushoto, ule ambao haukuchota sukari, nikachoma. Damu ikatoka.

"Na damu tena!" Mama yake Boke akapiga kelele. "Anafanya nini ndani ya nyumba yangu?"

Mashine ikalia. Ouma akachuchumaa kando yangu, akasoma kwa nguvu: "Mbili nukta sita! Baba, imeshuka! Wazee, hajalewa, ni sukari imeshuka!"

Nikameza. Nikasema, polepole lakini kwa maneno yaliyosimama wima sasa, "Ndugu zangu, nina kisukari. Nilidunga dawa nikijua chakula kiko tayari. Nilisikia kuku."

Mama yake Boke akauliza, "Kuku gani?"

"Aliyelia tulipofika."

"Yule? Yule alitoroka! Mpaka sasa wanamtafuta kwenye shamba la mahindi!"

Mzee Mwita akainama karibu yangu. Kisha akauliza, kama mtu anayeogopa kufurahi mapema, "Kwa hiyo ni sukari tu?"

"Ni sukari tu."

"Si pombe?"

"Si pombe, kwa jina la Yesu."

Mzee yule akapiga makofi. "Sukari tu! Mungu ashukuriwe! Dada yangu mkubwa, huyu hapa, ana sukari, anakula kwa saa, amezeeka vizuri kuliko sisi sote. Nilichokuwa nakataa ni chupa!" Akaanza kucheka. Na alipocheka yeye, nyumba yote ikapasuka. Marwa alicheka mpaka akatoka nje. Boke alicheka akiwa ameziba mdomo kwa leso. Mama Ouma, aliyeniambia nifiche, ndiye aliyecheka kuliko wote, huku akilia.

Desturi ya kutotia kitu mdomoni ikawekwa kando kwa ajili yangu. Mama yake Boke akanitilia chai ya maziwa na mkate, akasimama kando yangu mpaka nikamaliza. Baada ya robo saa nikapima tena: tano nukta nane. Nikaisoma kwa sauti, na watu wakasema "Amina" kama vile nimesoma Zaburi.

"Sasa msemaji amerudi," akasema Mzee Mwita. "Tuanze upya. Maneno ya mtu aliyeshukiwa na sukari hayahesabiwi."

"Mimi nilikuwa nimeshayahesabu," akasema Marwa.

Tukaanza upya. Safari hii niliguna ipasavyo. Nilishika kichwa. Niliuliza kama msichana ni mmoja au wawili. Tukapatana kama ndugu, na Boke alipoulizwa mara ya pili akasema tule, na kila mtu akanitazama mimi kwanza.

Wakati wa kuondoka, wazee watatu walikuwa wamenyoosha vidole wakitaka niwapime. Nikampima dada yake Mwita peke yake, kwa kuwa vijikaratasi vya mashine vilikuwa vimebaki vichache, nikawasihi wengine waende kliniki. Mama yake Boke alikuwa ameifunga ile pakiti kwa uzi. "Hii simpikii mtu chai," akaniambia. "Nakuwekea wewe, Mzee. Siku ukija tena, hutahitaji kutambaa."

Mama Ouma alihesabu ng'ombe kwa vidole garini mpaka Migori mjini. Kisha akasema, "Mwalimu, hata bwana arusi hakupiga magoti." Akacheka mpaka Rongo.

Nami nimekaa nyumbani jioni hii, nimepima, nimedunga baada ya kuiona sahani kwa macho yangu mawili, nimekula, na moyo umetulia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na pakiti ya sukari tu. Kilio Mungu amekizuia.

Basi wewe unayesoma, Bwana akubariki na kukulinda. Akupe afya, na kama afya ina kasoro, akupe ujasiri wa kuitaja mapema. Akujalie wakwe wenye huruma. Na kama umecheka, akusamehe, kama mimi nilivyokwisha kukusamehe. Amina.