Fuwele Kubwa Kama Ngumi

Jumatatu, tarehe 3
Siku ya kuandikwa! Mwalimu Mkuu ametangaza kuwa siku ya wazazi, mwalimu wa sayansi mwenye onyesho bora atapewa chumba kipya, chenye mabomba na meza za vigae. Mimi nafundishia kemia stoo, kati ya mafagio na kengele mbovu. Mwalimu wa biolojia, ambaye wanafunzi humwita Bwana Vyura, alitabasamu kana kwamba ufunguo uko mfukoni mwake. Nikasimama. Nikawaambia walimu wote kuwa nitaotesha fuwele ya shabu, jiwe angavu kama kioo, kubwa kama ngumi. Wakacheka. Na wacheke.

Jumatano, tarehe 5
Shabu nimeipata kwa kinyozi, ile ile anayokupaka ukikatwa. Aliniuliza nimekatwa wapi. Nimechemsha maji kwenye sufuria ya mke wangu, nikakoroga shabu mpaka ikagoma kuyeyuka, ikabaki inazunguka chini. Maji yameshiba! Nikayachuja kwenye chupa ya mdomo mpana. Yakipoa yatatema shabu iliyozidi, nayo itanata kwenye punje ya shabu niliyoitundika humo kwa uzi wa cherehani. Mke wangu akauliza sufuria yake itarudi lini. Nikamweleza kuwa sasa ni kifaa cha maabara. Hakufurahi. Wake za wagunduzi huwa hivyo.

Jumatano, tarehe 19
Ukubwa wa ndimu! Pande zimenyooka utadhani sonara kazichonga. Nimeitazama mpaka chakula kikapoa. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia na bado anatusalimia, akasema kwao mawe yako tele. Nikanyamaza kwa heshima. Moyoni sikunyamaza.

Alhamisi, tarehe 27
Balaa. Bwana Vyura kaleta kobe. Kobe mzima! Shule nzima imejazana kwake, na fuwele yangu bado ni ndimu.

Lakini leo nimefundisha vizuri mno. Nimewaeleza kidato cha pili kuwa maji ya moto hupokea shabu nyingi kuliko ya baridi, na aliyesahau nimemkata alama bila huruma. Nikiwa bado natamba, wazo likanijia. Donge la mkate huumuka kwenye joto. Mayai huanguliwa kwenye joto. Basi na fuwele je? Mke wangu akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimeirudisha sufuriani, fuwele na maji yake, juu ya moto wa upole. Sasa naandika hotuba ya ushindi.

Ijumaa, tarehe 28
Uzi upo.

Baadaye. Nimemimina yote chupani. Ilionekana pungufu, nikaongeza maji ya bomba mpaka shingoni. Angavu kabisa. Nimekaa nayo jikoni, nimekaribia kulia. Mama mkwe akaja, akatazama, akaniwekea chai, akaondoka bila neno. Afadhali angesema kitu.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na uzi. Nimeandika kibao: FUWELE SAFI KULIKO ZOTE. HAIONEKANI KWA MACHO YA KAWAIDA.

Jumamosi, tarehe 29
Wazazi walikodoa macho. Wawili walivua miwani, mmoja akavaa. Baba mmoja akaapa ameiona. Mambo yalikuwa yananyooka, mpaka Mwalimu Mkuu alipofika na Bwana Vyura nyuma yake, kobe mkononi.

"Mwalimu, fuwele iko wapi?"

"Imo humo humo, Mwalimu Mkuu. Yote."

Na huo ni ukweli mtupu! Hakuna hata chembe iliyopotea. Akainama, akaitazama chupa kwa muda mrefu, akainuka.

"Kama fuwele kubwa vile imetosha humu," akasema taratibu, "basi na wewe utaendelea kutosha stoo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kobe akapewa mabomba na meza za vigae. Mama mkwe ndiye aliyebaki mezani kwangu. Akanishika bega, akasema, "Usijali, baba. Uzi ni mzuri." Nimeumia. Nimeumia sana.

Jumapili, tarehe 30
Nimelala vizuri na nimeamka na majibu. Mwaka kesho naotesha nyingine, na hii itakuwa kubwa kama kichwa. Nimeshamwambia kinyozi aniwekee shabu, na mke wangu nimemwomba sufuria ile kubwa. Kosa nimeligundua mwenyewe, bila msaada wa mtu.

Moto ulikuwa mdogo.