Kikao Rasmi ndani ya Gari la Meya

Kwa furaha isiyo na kifani, Serikali ya Mji wa Pickett Falls, Ohio, inawatangazia wananchi wote kwamba suala la baga, lililoutesa mji huu tangu babu zetu walipoanza kununua magari, limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Mimi, Wendell Kitchel, Katibu wa Tume ya Kulinganisha Baga na Chipsi, nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, tena nikiwa nimefunga tai. Wanaosema tume yetu ilishindwa hawajui maana ya kushindwa. Wengine wao, nasema hili bila chuki, hawajui hata maana ya tume.

Tatizo lilikuwa barabara. Mtaa wetu mkuu ni mwembamba, na juu yake migahawa miwili ya baga, Big Orville na Tuttle's, inatazamana kama mabondia kabla ya kengele. Kila mmoja ana dirisha lake la kuhudumia magari. Saa ya chakula mkia wa magari ya huyu hugongana na mkia wa magari ya yule, na gari la zimamoto hubaki katikati likipiga king'ora huku dereva wake akiagiza chipsi. Hapa kwetu mtu hashuki garini kwa ajili ya baga. Ukimwona mtu ameshuka, ujue limeharibika gari au imeharibika ndoa.

Idara ya Barabara ya Jimbo ikachoka. Ikasema dirisha moja lifungwe kabla ya majira ya kupukutika majani, na lipi lifungwe tutajua wenyewe.

Mgahawa usio na dirisha la magari katika mji huu ni sawa na mgahawa uliofungwa, ila unaendelea kulipa umeme. Rhonda Sizemore, meneja wa Tuttle's, alilijua hilo. Alikuja ofisini kwangu na aproni yake, akakataa kiti.

"Sikiliza, Wendell. Wakifunga dirisha langu, wasichana wangu wote wa zamu ya jioni wanakwenda nyumbani. Na mimi nawafuata. Nina miaka hamsini na tisa, nani ataniajiri, wewe?"

"Dada Rhonda, mchakato utakuwa wa haki, wa wazi na wa kisayansi."

"Mmiliki wa Orville ni shemeji yake Meya."

"Hilo ni suala la kifamilia," nilimjibu, "na tume haiingilii familia za watu."

Ni kweli kwamba Meya Gordon Pruitt amemwoa dada yake Curtis Lamm, mwenye Big Orville. Jambo hilo halina uhusiano wowote na habari hii. Ninalitaja mapema ili wenye midomo wasije wakalitaja wao.

Tume, iliyopewa kazi ya kuonja na kuamua dirisha lipi lifungwe, ilikuwa na wajumbe watatu. Mwenyekiti ni Meya mwenyewe, maana busara haikaimishwi. Wa pili ni Doyle Bracken, mwenye nyumba ya mazishi, mtu mnene asiyesema sana, kwa kuwa wateja wake nao hawasemi sana. Wa tatu ni Lorraine Bracken, mwalimu mstaafu, mke wa Doyle. Meya aliwateua mtu na mkewe kwa makusudi. Mji mzima unajua hawajawahi kukubaliana jambo lolote tangu walipotoka kanisani siku ya harusi. Kura ya Doyle ingeiua kura ya Lorraine, ya Lorraine ingeiua ya Doyle, na ya Meya ingebaki imesimama peke yake, ikiwa na afya tele. Huo ndio unaoitwa uongozi.

Alichosahau Mheshimiwa ni sheria ya mikutano ya wazi. Wakili wa mji, Bwana Feldkamp, kijana aliyezaliwa na miwani, alituelimisha. Wajumbe wawili kati ya watatu wakikutana na kuzungumzia kazi ya tume, hicho ni kikao. Kikao lazima kitangazwe, na mwananchi yeyote ana haki ya kuhudhuria na kuchangia kwa dakika tatu. Ni sheria nzuri sana. Iliwekwa ili wakubwa wasigawane nchi gizani. Ila walioitunga hawakumfikiria Doyle na Lorraine, ambao walikuwa wanafikisha akidi kila wanapokaa mezani kula.

Basi nikawa nabandika tangazo mlangoni kwa Manispaa kila alasiri: wajumbe wawili watakula nyama ya kusaga na viazi, nyumbani kwao, umma unakaribishwa. Nilidhani hatatokea mtu. Nilikuwa nimemsahau Delbert Yoder, fundi mabomba mstaafu, ambaye hajakosa kikao cha hadhara hata akiwa na homa. Alifika na kiti chake cha kukunja.

"Delbert, unafanya nini mezani kwangu?" Lorraine aliuliza.

"Nahudhuria, mama. Endeleeni tu."

"Kwa hiyo hata chumvi siwezi kumwomba mume wangu?"

"Mwombe. Ila ukisema viazi vimepoa, hapo umegusa kazi ya tume, na mimi nachangia."

"Vimepoa kweli," Doyle alisema.

Delbert akasimama, akachangia dakika zake tatu, akapewa na mchuzi.

Uonjaji wa kwanza ulifanyika ukumbini. Nilizifuata chipsi za pande zote mbili mimi mwenyewe, nikazitia kwenye mifuko iliyofungwa kwa lakiri, nikazisindikiza na polisi. Ukumbini tukaiapia bendera. Tukaita majina. Tukajadili kama tunaweza kupitisha kumbukumbu za kikao kilichotangulia ilhali hakukuwa na kikao kilichotangulia, na hoja hiyo ikapata wachangiaji wengi. Wakili akatoa maelezo ya awali, kisha maelezo kuhusu maelezo ya awali. Lakiri ilipovunjwa, chipsi zilikuwa zimeinama kama mishumaa juani.

Doyle alionja za Orville. Akaonja za Tuttle's. Akatafuna kwa heshima.

"Vipi, Mheshimiwa mjumbe?" niliuliza.

"Nimezika watu wenye joto kuliko hizi," alisema.

Nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba migahawa yote miwili ina ubora unaolingana, kwa maana ya kutokuwepo. Nilijivunia. Meya hakujivunia. Siku ya uamuzi ilikuwa inakaribia, uchaguzi ulikuwa unaifuata nyuma, na shemeji alikuwa anapiga simu.

Ndipo Mheshimiwa alipotoa wazo ambalo mpaka leo naliita la kihistoria. Chipsi, alisema, hailiwi ukumbini. Chipsi inaliwa garini, mfuko wa karatasi ukiwa mapajani, mkono mmoja kwenye usukani, na nusu yake imekwisha kabla hujatoka kwenye foleni. Kuionja kwingine ni kuidhulumu. Tume itakwenda dirishani, ndani ya gari lake.

"Basi gari lenyewe litakuwa ukumbi," alisema Wakili Feldkamp. "Na umma lazima usikie kila neno."

Nikabandika mlangoni kwa gari kibao cha "Ukumbi wa Mikutano Na. 2" na kufunga kipaza sauti juu ya paa. Jumamosi tukaingia. Meya kwenye usukani, Doyle kando yake, Lorraine nyuma, akiwa amebanwa kati yangu na wakili. Umma ulitufuata katika magari yake, vioo vikiwa vimeshushwa. Wa kwanza nyuma yetu alikuwa Delbert na pikapu yake yenye mlango wa rangi tofauti.

Pale Big Orville, Curtis Lamm alitusubiri dirishani mwenyewe, amevaa tai ndogo ya kipepeo. Meya aliagiza namba moja na chipsi. Nimeishi nchi hii maisha yangu yote na sijawahi kuona baga kama ile. Ilifanana na picha yake. Kila Mmarekani anaijua ile picha iliyo juu ya ubao, na kila Mmarekani ameshajipa moyo kwamba picha ni picha. Sasa ilikuwa mkononi mwa Meya: nyama nene inayong'aa, nyanya iliyokatwa na mtu mwenye mapenzi, jibini limeteremka pembeni kama pazia, mkate umevimba kwa fahari. Chipsi zilisimama wima, ndefu, za dhahabu, hata moja haikuwa na doa.

Tukasogea na kuegesha hatua chache mbele ya dirisha. Meya aliuma, akafumba macho.

"Naomba iingie kwenye kumbukumbu," alisema, na paa likasema naye, "kwamba hii ndiyo baga."

Kioo chake kikagongwa. Delbert alikuwa ameshuka garini. Nyuma yetu magari yalizima injini, kwa sababu watu walijua kuna jambo zito.

"Nachangia," alisema.

"Delbert, rudi garini kwako."

"Ana dakika tatu, Mheshimiwa," wakili alisema.

Delbert akaweka mfuko wake juu ya boneti ya Meya na kuufungua taratibu. Ndani kulikuwa na kitu bapa, cha kijivujivu, kimejikunja upande mmoja, na jani moja la saladi linalotoroka.

"Mimi nimeagiza namba moja. Wewe umeagiza ngapi, mzee?"

"Namba moja."

"Bei moja?"

"Bei moja."

"Sasa naomba kuuliza tume. Hii yangu imekaliwa na nani?"

Kicheko kikaanzia kwenye pikapu na kwenda mpaka mwisho wa foleni, kule ambako bila shaka walicheka bila kujua wanacheka nini. Curtis alijifanya anafuta dirisha. Meya, ambaye ni mtu wa kufikiri haraka, alifikiri haraka.

"Hiyo ni bahati mbaya tu. Big Orville kila mteja anapewa baga kama hii yangu. Kila mteja, kila siku."

"Unasema hivyo kama Mwenyekiti au kama shemeji?" Lorraine alimuuliza.

"Kama Mwenyekiti."

"Vizuri. Basi natoa hoja. Tume itamke kwamba baga aliyopewa Meya ndiyo baga halali ya Big Orville, na kila mteja apewe hiyo hiyo, na chipsi hizo hizo, kwa bei hiyo hiyo, kuanzia kesho asubuhi."

Hoja bila wa kuiunga mkono hufa. Sote tulimtazama Doyle. Meya alimtazama kwa utulivu, kama mtu anayeangalia akiba yake benki. Doyle alikuwa ameshaichukua baga ya Delbert kwenye boneti na kuionja. Akaimeza kwa shida.

"Naunga mkono," alisema.

Lorraine aligeuka kumtazama mumewe kana kwamba ni mtu mpya aliyehamia mtaani.

"Doyle?"

"Maiti naijua nikiiona, mke wangu."

Ikabaki kura ya Mwenyekiti. Nilimwona kwenye kioo cha ndani akipiga hesabu. Akisema hapana, amekiri mbele ya wapiga kura wote wa Jumamosi kwamba amewadanganya. Akisema ndiyo, ni maneno yake mwenyewe. Alisema ndiyo. Honi zikalia mtaa mzima, naye akapunga mkono, maana Mheshimiwa hajawahi kusikia kelele asidhani ni shangwe.

Kisha tukavuka kwenda Tuttle's. Rhonda alitukabidhi mifuko bila kutabasamu. Baga yake ilikuwa imelalia upande mmoja. Ya Delbert nayo, iliyofuata, ilikuwa imelalia upande ule ule. Chipsi zilikuwa nyingine fupi, nyingine ndefu, nyingine zimeungua ncha, zote za moto. Tulipofika mwisho wa uchochoro wa dirisha lake mfuko ulikuwa mtupu, na mkono wa Meya ulikuwa bado umo ndani. Akatangaza kwamba kura ya mwisho itapigwa Jumatatu, na kwamba baga iliyolala haina nidhamu.

Jumatatu haikuhitajika. Jumapili baada ya ibada, mji wote ulikwenda Big Orville kudai baga ya Meya. Curtis alikuwa na nyama nene za kutosha gari moja, nalo ni lile la jana. Akatuma watu kununua. Akakata nyanya moja moja. Kila chipsi yenye doa ilirudishwa dirishani na wananchi wenye kulijua azimio neno kwa neno, kwa kuwa walilisikia paani. Foleni ikatoka uchochoroni, ikajaza mtaa, ikapita kanisa, ikapanda barabara ya kasi, na hapo ikamkuta ofisa wa Idara ya Barabara akitoka kumtembelea mama yake.

Ofisa alikaa kwenye foleni hiyo bila kuwa na njaa. Alipofika mbele aliuliza swali moja tu: chanzo ni dirisha gani? Watu wakamwonyesha. Tuttle's kulikuwa na magari manne, yanasogea. Jumatatu asubuhi dirisha la Big Orville lilipigiliwa mbao.

"Shemeji, umeniua," Curtis alisema kwenye simu ya Meya, ambayo nilikuwa nimeishika mimi.

"Lakini mimi nilikusifia."

"Ndiyo hiyo hiyo iliyoniua."

Jumatano tulipita pale kumpa pole. Tuliingia kwa mlango, kwa miguu, jambo lililomfadhaisha Mheshimiwa, hakujua pa kusimama. Hakukuwa na mtu. Aliomba baga, lakini ile ya zamani, bapa, maana ana kikao.

"Siwezi," Curtis alisema. "Bapa ni kosa. Ulipiga kura mwenyewe."

"Curtis, ni mimi."

"Ndiyo maana siwezi. Kaa pale, nyama inahitaji muda."

Mheshimiwa akakaa kwenye kiti cha plastiki. Akasubiri. Tumbo lake likatoa maoni. Mwishowe akaniinamia sikioni. "Wendell, vuka barabara uniletee chipsi kwa Rhonda. Zifiche ndani ya koti."

Nilivuka. Wasichana wa zamu ya jioni walikuwa ndio kwanza wanafunga aproni, wanatupiana maneno. Rhonda aliniona nimesimama kwa miguu kwenye njia ya magari, kati ya pikapu na basi la shule.

"Za nani?"

Ofisa wa serikali hasemi uongo mbele ya umma. "Za Mheshimiwa," nilijibu.

Rhonda alifuta mikono yake, akaegemea dirisha kwa viwiko vyote viwili, akatazama ng'ambo ya barabara, kule kwenye kioo ambako mtu mzima alijificha nyuma ya tangazo la maziwa ya barafu.

"Mwambie aje mwenyewe," alisema. "Dirisha liko wazi."

Nikampelekea ujumbe kama ulivyo. Mheshimiwa aliufikiria kwa kina. Kisha akavaa miwani ya jua, akaenda kuchukua gari, akalizungusha mpaka mwisho wa foleni ya Rhonda, akasubiri zamu yake.