Beringi Haijasema Inatosha

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeletewa mpinzani. Mwanamke, tena msomi, tena mpole. Balaa tupu. Meneja kamtambulisha kuwa ni mtaalamu wa ulainishaji. Miaka thelathini na moja nalainisha mashine za kiwanda hiki cha unga, na leo ndiyo naambiwa kazi yangu ina utaalamu! Kanipa shikamoo ya adabu, nikaipokea kwa kununa. Mkononi ana kipimajoto kama bastola: anakielekeza kwenye beringi, ile pete ya chuma ambamo mhimili huzunguka, kinamtajia joto. Nimembatiza Bi Kipimo.

Kauliza mimi hupima kwa kitu gani. Nikamwonyesha bisibisi yangu ndefu. Ncha kwenye beringi, mpini sikioni. Yenye njaa hulia kama paka aliyefungiwa nje. Iliyoshiba huguna kama mzee aliyelala. Akajaribu kwenye feni kubwa ya kufyonza vumbi. Akatabasamu, akasema kweli babu, inaguna.

Nami nikatega sikio, nikasema naam, inaguna.

Sikusikia kitu. Tangu mwaka juzi sisikii kitu pale. Naliambia daftari hili tu, kwa kuwa halina mdomo. Wakijua, nitarudishwa nyumbani, na nyumbani hapakaliki.

Jumanne, 5 Machi

Bi Kipimo kabandika ratiba ukutani. Feni kubwa: bomba la grisi liminywe mara tatu, kila wiki mbili. Mara tatu! Dude kubwa kuliko kitanda changu! Huyu mtoto ni mchoyo wa kuzaliwa.

Nimepanga njama. Nitailisha feni kisirisiri mpaka inawiri, kisha nitamwambia meneja kwamba vijiko vya Bi Kipimo vingeiua. Alipokwenda kula nikaminya mara ishirini. Grisi ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la chini, pale inapotokea grisi chakavu. Ushahidi huo! Nikaziba tundu kwa kitambaa, nikagandamiza kwa kidole. Akili ninazo, tatizo ni cheti.

Nyumbani kimya. Ni mwezi wa tatu tangu mke wangu afariki. Sikujua kama ni nyumba iliyonyamaza au ni masikio, nikachukua mwiko nikagonga sufuria. Nimesikia kidogo.

Basi ni nyumba.

Alhamisi, 7 Machi

Bi Kipimo kapima feni: sabini na moja. Juzi ilikuwa hamsini. Kauliza kama nimeongeza grisi. Nikaapa sijagusa. Si uongo sana, leo nilikuwa bado.

Akainama kutazama chini, kule kwenye tundu. Nikajishika kiuno, nikapiga ukelele wa mzee. Akaacha kila kitu, akaniletea kiti na maji, akanipepea kwa ratiba yake mwenyewe. Nikaona aibu kwa muda wa bilauri moja hivi.

Alipoondoka nikaminya mara kumi na tano. Mwenye homa si hulishwa?

Ijumaa, 8 Machi

Themanini na tatu! Feni ina njaa ya ajabu. Nimeminya mpaka bomba likawa gumu na mkono ukafa ganzi.

Nimemkumbuka mke wangu. Alipougua nilimpikia supu mara sita kwa siku. Kijiko baada ya kijiko. Midomo yake ilikuwa ikienda, nami nilitazama bakuli. Siku moja akanigusa bega kwanza, kama kawaida yake, nikamtazama usoni. Akasema, "Inatosha, mume wangu. Kaa tu hapa."

Nikamwambia kimoja cha mwisho. Vikawa saba.

Jumamosi, 9 Machi

Siku mbaya. Nilisimama hatua tatu kutoka kwenye feni nikipiga mluzi. Nikaona wapakiaji wa magunia wananipungia mikono kwa furaha. Nikawapungia. Wakazidi. Nikazidi. Nikajisemea, kumbe napendwa hapa!

Ghafla Bi Kipimo kanivuta kwa ukosi kama mwizi, akagonga swichi nyekundu. Nikageuka. Moshi. Chuma kimebadilika rangi. Wanasema yowe la ile beringi lilifika hadi barabarani, mlinzi akaacha geti na kukimbia.

Kiwanda kizima kimesimama. Mapanga ya feni yalibaki yakizunguka taratibu, yakatulia. Sijawahi kuyaona yametulia hivyo saa za kazi.

Jumatatu, 11 Machi

Wamefungua beringi. Grisi imejaa mpaka pomoni, nyeusi kama lami. Chini wakachomoa kitambaa changu. Meneja akakishika kwa vidole viwili. Chenye maua ya njano. Ndicho mke wangu alichokuwa akinifungia chakula cha mchana, hakuna asiyekijua. Nikatazama dari. Dari haikunisaidia.

Bi Kipimo akaeleza polepole. Grisi ikizidi haina pa kwenda, inajisokota humo ndani na kuchemka. Mimi nikaona joto, nikadhani njaa, nikaongeza. Haikufa kwa njaa, kasema. Imekufa kwa kushibishwa. Kwa bisibisi ingesikika ikilalamika siku tatu kabla.

Kisha akanigusa bega, nikamtazama.

"Babu, husikii, sivyo?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Tangu Jumatatu iliyopita alikuwa akinigusa bega kabla ya kusema lolote. Mke wangu naye alinigusa hivyo hivyo, miaka miwili. Nilidhani ni mapenzi ya uzeeni!

Nikamuuliza kaambiwa na nani. Kasema kiwanda kizima kinajua. Kabla hajaugua, mke wangu alipita getini siku nisiyokuwepo zamu, akawaomba wote, meneja na mlinzi na wapakiaji: simameni anapoweza kuwaona, na msimwambie. Kila mgeni wa kazi huambiwa hivyo siku ya kwanza, hata kabla ya kuonyeshwa choo.

Meneja kasema sasa nikapumzike nyumbani. Nikapumzike na nani, hakusema. Bisibisi yangu nimemwachia Bi Kipimo. Nimemwambia mpini ndio unaokwenda sikioni, si ncha, maana hawa wasomi huwajui.

Alhamisi, 14 Machi

Bi Kipimo kaja kunijulia hali. Kakaa pale ninapomwona. Beringi mpya inaguna, kasema. Nikamuuliza anailisha mara ngapi. Kainua vidole vitatu. Mtu mgeni nyumbani kwangu, nitamgombezaje?

Akaiona cherehani ya marehemu pale dirishani, gurudumu limekaza. Akaniwekea tone moja la mafuta hapa, moja pale, akazungusha, ikaenda. Akanisihi nisiongeze kitu, tone moja ni la miezi sita. Nikaitikia kwa kichwa. Nikamshukuru. Nimeelewa kabisa, nikamwambia, yaliyonipata yamenitosha.

Alipotoka nikachomoa kopo la grisi kutoka chini ya kitanda. (Liliondoka kiwandani nami, ndani ya koti. Miaka thelathini na moja, nisiage hata na kopo?)

Nimejaza kila tundu la cherehani kwa kidole. Nimezungusha gurudumu lake, nimeweka sikio juu ya chuma, kikiwa baridi shavuni. Nimesubiri sana.

Haijasema inatosha. Nimeongeza kidogo.