Nge wa Posa

Jumatatu, 6 Februari 1956

Mshenga wangu, Bi Mwatum, karudi tena mikono mitupu. Mwezi wa pili huu! Mzee Makungu hajaijibu posa yangu kwa binti yake, Kazija. Basi lazima anione shujaa. Nitamtia nge kiatuni, nitamwona wa kwanza, nitamwokoa mzee wa watu. Nani atamnyima mke mtu wa namna hiyo?

Alasiri Chukwani. Nimefunua mawe mpaka kiuno hakitaki. Nikampata mmoja, rangi ya mchanga, mdogo kuliko kidole changu cha shahada, magando membamba, mkia mnene. Simai, jirani anayejifanya bingwa wa wadudu, kasema hao ndio wenye sumu kali. Husuda tu! Mdogo ni mdogo.

Jumatano, 8 Februari

Nge yumo koponi. Simpi kula, simpi maji, sumu imkauke. Leo anafunga siku ya tatu. Simai kasema nge hukaa miezi bila kula, na maji huyapata kwa mdudu anayemla.

Bi Mwatum kaja mbio: Mzee Makungu ananiita kesho alasiri. Ndiyo siku yenyewe!

Alhamisi, 9 Februari

Yamenifika. Nilivua viatu mlangoni, nikamtia nge katika makubadhi ya mzee, nikaingia. Kahawa, halua. Mzee akazunguka na habari za mvua na karafuu. Nikachoka kusubiri, nikamwomba anisindikize nje. Pale mlangoni nikamzuia asivae, nikayakung'uta makubadhi mbele ya wote. Hamna kitu!

Kumbe nge hakai mahali pa wazi, hutafuta penye giza na pembamba. Viatu vyangu vya kufunga vilikuwa pembeni. Nikavaa.

Mguu ukawaka moto, ulimi ukafa ganzi. Nikajua nakufa. Nikaomba radhi kwa kila mtu, nikakiri yote: kopo, Chukwani, mpango mzima. Mzee anasikia, Bi Mwatum anasikia, Kazija anasikia nyuma ya pazia.

Sikufa.

Jumapili, 12 Februari

Bi Mwatum kaja, hakuketi. Kaniuliza, we Muhiddin, una wazimu? Mzee alikuwa ameniita kunikubalia. Kazija mwenyewe alisharidhia. Alinitaka! Sasa mzee kasema hamwozi binti yake mtu anayetembea na nge. Nimelia mpaka mto umelowa.

Halafu nikatafakari kwa utulivu. Kosa lilikuwa la nge, si mdudu wa kuaminika. Yuko mjane mtaa wa Mpendae, Bi Mwanamkasi, nasikia anaogopa sana tandu. Mguu ukipoa tu, naingia machakani.